Siku Niliyoutafsiri Upanga

Aibu hii huwa naanza kuisimulia halafu nasingizia haja, naenda nje, nikirudi mazungumzo yamehamia kwingine. Leo mmenibana, haya, nitaisema yote, na anayetaka kucheka acheke mapema amalize, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Mimi Mutua, niliyejiita mtu wa lugha, nilikosa mke kwa sababu ya katuni. Si pombe, si mwanamke wa kando, si kufutwa kazi. Katuni ya Kijapani, ya watu wenye macho makubwa kama sahani za chai.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwanzo mwanzo hivi, mimi nakaa Mbotela, Nairobi, na nafanya ukarani kwenye ghala moja kule viwandani. Rafiki yangu wa karibu alikuwa Wafula, mtu wa Bungoma, dereva, mcheshi ambaye hata kwenye matanga alikuwa na kisa cha kuchekesha (zamani nilidhani hiyo ni sifa, siku hizi sina hakika). Wafula alikuwa akimwendesha injinia mmoja Mjapani, na injinia alipomaliza kazi yake na kurudi kwao akamwachia televisheni, mashine ya video na katoni nzima ya kaseti, karibu zote za katuni moja ndefu yenye sehemu nyingi, juu ya kijana anayejifunza kupigana kwa upanga chini ya mwalimu mzee asiyecheka hata kwa bahati mbaya. Mnakumbuka video wakati ule ilikuwa nini. Sisi wa Eastlands tulikuwa tunaisikia tu kwa waliofanya kazi kwenye majumba ya matajiri ya Lavington. Wafula akaomba ukumbi wa mtaa, akapewa Jumamosi mchana, na tangu hapo watu wakawa wanatoka Makongeni, wanatoka Jericho, wengine wanapitia soko la Burma kununua mbavu za kuchoma na kuja nazo zimefungwa kwa gazeti, ukumbi mzima unanuka nyama.

Sasa sauti ya katuni yenyewe ilikuwa Kijapani, na chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza yanayopita mbio kama yamekimbizwa na karao wa polisi, na nusu ya watu hawasomi Kiingereza, na ile nusu nyingine inasoma lakini haimalizi. Ndipo nikaingia mimi. Nikawa nasimama kando ya televisheni na kusoma kwa Kiswahili, mzee anasema hivi, kijana anajibu hivi, na kwa sababu sina adabu ya kutosha nikaanza kubadilisha sauti, mzee nzito, kijana nyembamba, msichana wa kijijini ndiyo hata sitaki kukumbuka. Watu walipenda. Wakaniita Mkalimani. Nikawa natembea barabarani na suruali ya bugaluu, ile pana miguuni, ambayo fasheni yake ilishapita lakini mimi sikuwa nimeambiwa, watoto wananiita jina hilo, na mimi nainua mkono kama mbunge. Nilikuwa nimevimba kichwa, sina namna nyingine ya kulisema.

Wakati huo nilikuwa na Achieng'. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo wa nasari huko Makongeni, mpole wa sauti lakini si wa kuchezewa, na tulikuwa tumekubaliana kuoana, imebaki babake tu. Mzee Owuor alikuwa msimamizi kwenye karakana ya reli, Mjaluo wa Siaya, mtu wa kofia na koti hata jua likiwaka. Ndugu zake walikuwa wameshamwambia kwamba binti hawezi kupelekwa Ukambani kwetu, wataongea lugha gani, watoto watazikwa wapi, yale maneno ya kawaida. Yeye akawajibu kwamba binti yake anaolewa na mtu, haolewi na kabila, na huyo mtu atamwangalia mwenyewe kwa macho yake. Achieng' alimbembeleza mzee miezi na miezi mpaka siku moja akakubali: angekuja Jumamosi kwenye ukumbi, anione nikifanya kile kitu changu ambacho watu wanakisifu, halafu twende nyumbani kwake tunywe chai, na hapo aniambie ni lini nilete wazee wangu. Mambo yalikuwa yamefika hapo. Chai ilikuwa imeshapangwa, na hata kuku alikuwa amechaguliwa.

Achieng' aliniomba kitu kimoja tu, Ijumaa jioni nikimsindikiza. Alisema, "Mutua, kesho soma tu kilichoandikwa. Baba hapendi mtu wa maneno mengi." Nikamwambia asijali. Ningemsikiliza, leo ningekuwa naitwa Baba fulani na watu wa Siaya.

Jumamosi ikafika, ukumbi umejaa, na Mzee Owuor amekaa benchi la mbele kabisa, kofia juu ya goti, Achieng' kando yake, na upande ule mwingine wanaume kadhaa wa reli, majirani zake. Nilianza vizuri, na hilo nalisema bila kujisifu. Nilisoma polepole, sikubadilisha sauti sana, na mahali fulani yule mwalimu wa kwenye katuni alipomrushia kijana ndoo ya maji badala ya kumsalimu, Mzee Owuor akacheka. Kicheko kifupi, lakini nilikiona, na Achieng' naye akanitazama kwa yale macho yake ya kusema umefaulu. Laiti umeme ungepotea hapo. Siku nyingine zote umeme wa mtaa ule ulikuwa unapotea bila kuombwa.

Basi ikafika sehemu ambapo yule kijana amewashinda wenzake wote, anapiga magoti mbele ya mwalimu na kumwomba upanga wa nyumba, ule mkubwa unaoning'inia ukutani. Mwalimu anakataa. Anamwambia maneno machache tu, maandishi yakatokea na kufutika kabla sijavuta pumzi. Nimekuwa na miaka mingi ya kuyatafsiri maneno yale kichwani, na leo ningesema hivi: upanga humkata kwanza anayeushika, na ambaye bado hajakatwa, mimi simjui. Ni maneno magumu. Huenda alimaanisha kwamba ukiwa na nguvu na hazijawahi kukuumiza wewe mwenyewe, hakuna anayejua wewe ni mtu wa aina gani, hata wewe hujijui. Huenda alimaanisha kitu kingine kabisa. Lakini siku ile maandishi yalikuwa yameshaondoka, watu wanangoja, na mimi nikatoa kilichokuwa mdomoni.

Nikasema, "Upanga hukata mwenyewe kwanza. Mwanaume ambaye hajakatwa, huyo bado si mtu."

Neno mwanaume sijui nililitoa wapi, nadhani niliona lina uzito kuliko mtu. Simjui ikageuka si mtu. Na kukatwa, jamani, kukatwa. Mnajua neno hilo maana yake mtaani, na kama kuna ambaye hajui basi nimwambie wazi: Mkamba, Mluhya, Mkikuyu, wote hupitisha vijana wao kwenye tohara, na ambaye hajapita huitwa mtoto hata awe na mvi. Wajaluo wa wakati ule hawakuwa na desturi hiyo. Wao walikuwa na yao, ya kung'oa meno ya chini. Na kule Nairobi, kazini, kilabuni, kwenye siasa ndiyo usiseme, jambo hilo lilikuwa tusi lililokaa tayari, linangoja tu mtu wa kulitupa. Na mimi ndiye niliyelitupa, mbele ya ukumbi mzima, kwa sauti ya mwalimu, nikiwa nimenyoosha kidole hewani, na kidole hicho (sikukusudia, naapa) kikiwa kimeelekea benchi la mbele.

Halafu mtu mmoja nyuma akaanza kucheka kwa pua, akafuatwa na mwingine, na sauti ikauliza Mkalimani umesema aje hapo, hebu tueleze vizuri. Hapa ndipo. Kama ningekuwa na uwezo wa kurudisha maisha yangu kama kaseti, ningerudisha hapa tu, mengine yote mniachie. Ningeweza kusema sijui, ni mambo ya Wajapani, tuendelee. Sekunde moja na jambo lingekwisha. Lakini Mkalimani hawezi kusema hajui mbele ya baba mkwe wake, atamwonaje? Nilitaka aone kwamba huyu kijana hasomi tu, huyu ana akili ya kufafanua. Nikamgeukia Wafula na kumwambia asimamishe mashine.

Nikaeleza. Nikasema kwamba huyu mzee anaongea juu ya tabia, kwamba tabia ya mwanaume haionekani mpaka chuma kimpitie, na akiwa kijana ndiyo vizuri, na wenzake wawe wanamtazama, na asilie, na akishatoka hapo ndipo anaweza kupewa nyumba na kuongea mbele ya watu. Yaani nilikuwa naongea juu ya shule ya upanga. Kwa kichwa changu nilikuwa naona yule kijana wa katuni na mashindano yake. Lakini kila neno nililochukua lilikuwa la jandoni, moja baada ya lingine, kama mtu amenipangia, na ukumbi ukawa unazidi kucheka, wanagonga mabenchi, wanapiga makofi, na mimi (hii ndiyo inayoniuma zaidi ya yote) nikadhani wananipenda. Nikatabasamu. Nikaongeza na mkono, nikaonyesha jinsi upanga unavyopita.

Wakapiga kelele Wafula arudishe kaseti wasikie tena. Wafula akarudisha. Alikuwa ameinama juu ya mashine na mabega yanamtikisika, na yeye alikuwa Mluhya wa Bungoma, alielewa kila kitu tangu neno la kwanza, na hakunishika hata shati. Mzee wa katuni akasema tena Kijapani chake, na ukumbi mzima ukamjibu kwa pamoja, hajakatwa. Kisha mtu mmoja akasimama nyuma, akaonyesha kidole benchi la mbele na kusema, "Si hao hapo wamekaa mbele ya watu?"

Hapo ndipo nikaona. Benchi zima la mbele hakuna aliyekuwa akicheka. Wale wanaume wa reli wanatazama televisheni kana kwamba hawajasikia kitu. Achieng' amefunika uso kwa mkono mmoja. Mzee Owuor alikuwa amekaa vilevile, wima, kofia juu ya goti, ananitazama mimi tu.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaanza kuziba. Nikasema jamani, mnanielewa vibaya, sisemi ile ya tohara (nikaitaja kwa jina, ndiyo, kabla yangu hakuna aliyekuwa ameitaja kwa jina). Nikasema hii ni ya tabia tu. Nikaona haitoshi, na jasho linanitoka, nikafungua tena mdomo na kusema kwamba hata hivyo kuna watu wengi tu hawajakatwa na ni watu wazuri, wana kazi, wana familia, wanavaa vizuri. Sijui kwa nini nilisema wanavaa vizuri. Ukumbi ulianguka. Kuna mwanamume aliyeangusha nyama yake chini na hakujali.

Mzee Owuor akasimama, akavaa kofia yake, akaiweka sawa. Kicheko kikapungua maana watu walitaka kumsikia. Hakuinua sauti. Alisema, "Kijana, nilikuja kukuona. Nimekuona."

Akatoka, na benchi lote likasimama nyuma yake. Achieng' alikuwa wa mwisho. Nilimwita kwa jina, na hakugeuka. Nikabaki pale na mashine inanguruma na mtu anauliza kama tutaendelea, na mniamini msiniamini, tuliendelea. Nilisoma mpaka mwisho. Sikujua miguu itanipeleka wapi kama si kusimama pale pale.

Jioni nilimuuliza Wafula kwa nini hakunionya. Akanijibu huku bado anajipangusa macho kwamba alidhani nafanya makusudi, kwani si ni wewe ulisema. Hatukugombana, lakini urafiki wetu ulianza kufa siku ile na sisi wawili tulijua.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda Makongeni peke yangu. Watu wa kunisindikiza wangekuwepo lakini niliona aibu kuwaeleza tunaenda kuomba msamaha wa nini. Mzee Owuor alinifungulia mwenyewe, akanikaribisha, chai ikaletwa. Ile chai niliyoingoja miezi yote nikainywa, na sikumbuki kama ilikuwa na sukari. Nikamwambia nimekosea, kwamba ni neno lilinitoka, kwamba maandishi yalipita haraka, kwamba sikuwa na nia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akavuta mdomo wa chini kwa kidole, akanionyesha pengo la meno.

"Haya niling'olewa nikiwa mdogo, kwa chuma, bila dawa," akasema. "Ningelia, babangu angeona aibu. Hapa Nairobi nimeitwa mtoto na watu ambao mimi ndiye ninayewafundisha kazi. Nimezoea. Najua ulikosea neno, Mutua, neno kila mtu hukosea. Lakini walipocheka, wewe ulifurahi. Nilikuwa mbele, nilikuona uso."

Alisema kweli. Akaendelea kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba hana hasira na mimi, lakini siku ya harusi watu wangu na watu wake watakaa meza moja, na atakapoinuka kuongea kama baba, wao watakuwa wanajua cha kucheka, na hataki binti yake aone hilo kwenye harusi yake. Akanishukuru kwa kuja. Alinisindikiza mpaka mlangoni kama mgeni wa heshima, na nilitamani anipige.

Achieng' alikuwa nje anaanua nguo. Nilimweleza yote tena, maandishi, haraka, mwanaume, mtu, nikamwambia yale maneno yalikuwa magumu na hata Mjapani mwenyewe labda hayaelewi. Alikunja shati la babake, akaliweka juu ya mengine.

"Ungesema tu hujui," akaniambia. "Nani angekucheka?"

Nilidhani mambo yangeishia hapo kwetu watatu, lakini maneno yakishatoka ukumbini si yako tena. Jumatatu yalikuwa yamefika karakana. Vijana wa mafunzo, waliokuwa wakisimama Mzee Owuor akipita, wakawa wanamwita Mwalimu wa Upanga. Mtu fulani akaandika hajakatwa kwa chaki ubavuni mwa behewa, na behewa likatoka na treni, likaenda na neno hilo huko lilikokwenda. Alivumilia kwa muda. Halafu akaomba uhamisho kwenda Kisumu, akapewa, na siku moja nilipita Makongeni nikakuta mlango ule una pazia la watu wengine. Achieng' alikuwa ameacha watoto wake wa nasari na kwenda na babake. Nilisikia baadaye kwamba aliolewa huko na mwalimu, na sikuuliza zaidi, kwa sababu anayekuambia habari kama hizo huwa anakutazama usoni kuona itakuwaje.

Na mimi? Mimi nikawa maarufu. Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani, wametoka hata Kware, wanataka Mkalimani awasomee ya upanga. Walinipigia makofi nikiingia. Niliyeharibu kila kitu ndiye niliyeshangiliwa, na mzee ambaye hakumkosea mtu ndiye aliyefungasha vitu vyake. Nilimpa Wafula mgongo nikatoka kwa mlango wa nyuma, sikurudi tena kwenye ukumbi ule, na nikisikia watu wengi wakicheka pamoja ndani ya chumba bado huwa natafuta mlango uko wapi.

Nilioa baadaye, mnamjua Mama Kioko, mtu mzuri, na hii habari anaijua nusu. Watoto walipokuwa wadogo katuni za Kijapani zilirudi kwenye televisheni, panga zilezile, macho yaleyale, na kila mara kulikuwa na mzee mkali wa kusema maneno yasiyoeleweka, nao wananigeukia, baba, anamaanisha nini? Nawajibu sijui. Mtu ofisini akiniletea barua ya Kiingereza nimweleze, namwambia sijui, tafuta mwingine. Hata neno la Kikamba nililozaliwa nalo, ukiniuliza maana yake mbele ya watu, sijui. Watoto waliamini kabisa kwamba baba yao Kiingereza kilimshinda shuleni, na sikuwakosoa. Neno lenyewe, sijui, ni rahisi hivyo. Lilihitajika siku moja tu, mbele ya mzee mmoja mwenye kofia gotini, na tangu siku hiyo nawapa watu ambao hawalihitaji.